Kitambaa Nilichofua Bila Kuulizwa

Tk, pa. Tk, pa. Hata leo nikifumba macho naisikia, na siyo sauti ya ile asubuhi ambayo kila mtu ananiuliza. Ile sikuisikia, mashini ya kushona ilikuwa inanguruma mbele yangu. Sauti ninayoisema ni ya nyundo ya Papa Ngoy. Alikuwa anajaza misumari midogo mdomoni kama mtu anayetafuna karanga, anasukuma mmoja kwa ulimi mpaka kwenye midomo, nyundo yenye sumaku inauchukua: tk. Halafu anaupigilia kwenye mbao ya kiti: pa. Hakuwahi kujipiga kidole. Hakuwahi kumeza msumari pia, ingawa alipenda kutuambia kwamba amemeza mitatu na kwamba inamtembelea tumboni siku za mvua.

Nawaandikia ninyi mnaobaki kwenye atelye ya viti, pale depo ya mabasi, kwa sababu daktari ameniambia kwamba mapafu yangu na gundi hawawezi tena kukaa nyumba moja. Kwa hiyo mimi ni mstaafu. Nina miaka thelathini na mmoja. Chekeni tu, hata mimi nilicheka, mpaka kikohozi kikanikatiza. Nani alipandishwa cheo, nani alilipwa ngapi, hayo hamtayakuta humu. Shule niliishia mwaka wa tatu wa sekondari. Naandika kama sista alivyotufundisha, lakini maneno ya watu nayaacha kama yalivyotoka vinywani mwao, njo badala ya ndiyo, paka badala ya tu, maana nikiyavalisha suti hamtawatambua.

Nilifika depo nikiwa na miaka kumi na tisa, viatu vyeupe miguuni, na ndoto ya kushona magauni ya maharusi kichwani. Papa Ngoy alitazama viatu kwanza, uso baadaye.

"Weye njo mutoto mwenye balituma?"

"Njo miye, papa. Nadège."

"Unayua kushona?"

"Nayua kushona robe, papa. Na voile, shela ya ba mariée."

"Bon. Kiti pia iko muntu. Iko na mugongo, iko na mabega, iko na matako. Paka kinywa njo haina, haitakuambia kama robe inabana. Njo raha ya kazi yetu, ma fille. Na ile viatu nyeupe, peleka ku kanisa."

Akanipa koti lake la kazi la zamani, la buluu, akakata mikono ya koti kwa wembe hapohapo, nikiwa nimelivaa. Alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga. Babu yake alikuja huku pamoja na reli, baba yake alizeekea kwenye reli, na yeye mwenyewe alianza kwa kuvalisha mabenchi ya mabehewa. Kabla ya kugusa mashini alifanya ishara ya msalaba. Kabla ya kugusa gundi alifanya mara mbili. Ningemwiga kwenye hiyo ya pili, labda nisingekuwa naandika haya.

Sheria yake ilikuwa moja: vua kwanza, kisha valisha. Kiti kikiletwa kimechanika, unatoa misumari yote, unavua skai ya zamani, ile ngozi ya plastiki, unakagua mousse, ile sponji ya ndani, unapangusa chuma, ndipo unavalisha skai mpya. Wavivu wanavalisha mpya juu ya ya zamani. Kinapendeza mwezi mmoja. "Ni sawa muntu mwenye kuvaa shati safi juu ya shati ya jasho," alikuwa anasema. "Bantu banaona shati. Mungu anasikia jasho."

Tena alinifundisha kusoma viti. Hilo ndilo nililipenda kuliko yote. Abiria wa kila siku wana viti vyao, na kiti kinashika tabia ya mtu. Huyu anabeba ufunguo kwenye mfuko wa nyuma, skai imetoboka palepale. Huyu goti lake linauma, anasukuma kiti cha mbele kila anaposimama. Mimi nilikuwa nawatungia maisha. Kwenye basi la Kasungami, lile tulilokuwa tunaliita Shangazi kwa sababu linakohoa na kulalamika lakini linafika, kiti cha tatu upande wa dirisha kilikuwa na doa jeusi la mviringo kwenye velur, kile kitambaa cha manyoya mafupi, pale kichwani, kama kisahani cha chai. Papa Ngoy alilitazama mara moja.

"Huyu iko binti. Mafuta ya nywele. Analala kila asubui, kichwa ku dirisha."

"Labda ni muuguzi, papa. Labda anatoka kulinda wagonjwa."

"Labda anapenda usingizi tu."

Mimi nilishamfanya muuguzi, nikamchumbisha daktari, nikamkatia gauni. Miaka miwili nilikuwa naliona doa lile linakua, na kila Shangazi alipoingia depo nilikwenda kumsalimia binti yangu anayelala. Uso wake sikuwahi kuuona.

Ile asubuhi, watu ambao sitawaandika humu, maana wameandikwa vya kutosha, walitega mabomu kwenye mabasi mawili ya mji. La kwanza liliungua lote. La pili lilikuwa Shangazi. Idadi ya waliokufa hamtaipata kwangu; kila nikisikia watu wanaitaja kwa haraka, kama namba ya basi, nachoka. Nitasema nilichokiona. Walimvuta Shangazi mpaka uani kwetu. Nyuma hapakuwa na kitu. Mbele, mpaka safu ya tano, viti vilikuwa vimesimama kama asubuhi ya kawaida, vimefunikwa tu na masizi na vipande vya kioo.

Papa Ngoy alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akairudisha kwenye kopo lake. Kisha akaondoka. Jirani yake alikuwa kwenye basi lile lingine, akaenda kusaidia kumtafuta, halafu kumzika. Siku nne sikumwona.

Meza ndefu kwenye depo nzima ilikuwa moja, ile yetu ya kukatia skai. Chef, mkuu wa depo, akaagiza vitu vyote vilivyookotwa mle mabasini viwekwe pale, ili jamaa waje kuvitambua. Viatu. Mikoba. Sufuria yenye kifuniko kilichofungwa kwa kitambaa, na chakula bado kimo. Vikwembe, vitenge vya kujifunga. Daftari. Receveur wa Shangazi, mwenye kukatisha tiketi, aliyepona kwa sababu alikuwa mlangoni, ndiye aliyekuwa anatuambia kila kitu kilitoka kiti gani, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, anaongea kwa kunong'ona tu.

Mimi nilibaki na ile meza. Nilitazama zile nguo, nyeusi kwa moshi, nyingine na damu, nikafikiri: mama atakuja, atapewa hii? Atamkumbuka mwanawe hivi? Moyo ukanishinda. Nilichota maji, nikanunua sabuni, na siku mbili nzima nilifua. Nilifua kila kitambaa kilichokuwa pale mezani. Nikaanika kwenye waya wa uani, nikapiga pasi ya makaa, nikakunja vizuri, pembe juu ya pembe, kama nguo za dukani. Koti langu mwenyewe lilikuwa limechafuka kuliko vyote, lakini jioni nilipolivua sikulifua. Nililitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na kesho yake nikavaa lingine. Sijui kwa nini. Siku ile nisingeweza kuwaambia, na leo naweza kidogo tu.

Watu wakaja. Wengi walinishukuru. Baba mmoja wa mtaa wa Hewa Bora alishika shati la kaka yake, akalia, akasema Mungu anibariki kwa mikono yangu. Nami nikajiona nimefanya jambo.

Siku ya tatu aliingia mama mmoja mrefu, amevaa nyeusi kichwa mpaka miguu, mikono ya mtu wa shamba. Mama Monga, wa Kasungami. Alitafuta vitu vya binti yake Clarisse. Hakuangalia viatu wala mikoba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa cha kichwa, cha njano, chenye maua madogo. Kwenye karatasi receveur alikuwa ameniandikisha: kiti cha tatu, dirishani, na mimi siku ile sikuunganisha. Mama Monga alikiinua mpaka puani. Akakinusa. Akakinusa tena, kwa nguvu, upande wa pili.

"Nani alifula?"

Nilitabasamu, nawaambia ukweli. Nilitabasamu. "Ni miye, mama. Nilifula nguo yote. Nilipiga na pasi pia."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna muntu, mama. Nilisikia tu huruma."

"Huruma." Alikirudisha mezani, akakikunja kwa kufuata mikunjo yangu. "Mutoto wangu balimufunga mu sanduku, balikataza tusifungule. Nguo yake yote iliungua. Nikasema, paka kitambaa njo itabakia. Nitaifula miye, siku ya kumaliza kilio. Sasa umeifula weye. Weye njo ulimuzala?"

"Apana, mama."

"Basi juu ya nini umemaliza kilio yangu?"

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya, ningelia au ningepiga magoti. Aligeuka akatoka, na kitambaa kikabaki mezani.

Papa Ngoy aliporudi alikuta nguo safi zimekunjwa mezani.

"Ma fille, ulifula yote?"

"Yote, papa."

Aliketi juu ya gunia la mousse. "Yote," akarudia, polepole. Ndipo akanieleza. Siyo watu wote wana desturi ile, lakini kwao iko. "Nguo yenye muntu alikuwa nayo siku ya mwisho, haifuliwe. Inabakia na jasho yake, na mavumbi yake. Mama yake anailinda. Siku ya kumaliza kilio njo anaifula yeye mwenyewe, anatosha nguo nyeusi, anarudia kulala ku kitanda. Kama hana kitu ya kufula, kilio haina mulango ya kutokea."

"Na sasa analala wapi?"

"Analala chini, ma fille. Ataendelea kulala chini."

Wiki ile chef alitutaka tumvalishe Shangazi. Mafundi wa bati walishampa sehemu ya nyuma ya basi lingine lililokufa kwa uzee, wakaunganisha kwa moto. Ukiangalia kwa pembeni utaona rangi mbili zinagombana. "Mji inatuangalia," chef alisema. "Lundi bisi inatembea. Vile viti vya mbele, valisha juu, mambo iishe." Tulikuwa na siku tatu kabla ya hiyo Jumatatu. Papa Ngoy alimtazama, akatazama viti, akachukua skai mpya. Tulivalisha juu. Hatukuvua hata kiti kimoja. Alifanya kazi kwa gundi na sindano tu, nyundo hakuigusa tangu asubuhi mpaka tunafunga. Nilikata skai ya kiti cha tatu kwa mikono yangu, nikafunika doa la binti yangu anayelala, na sikufikiri kitu. Nilikuwa nimechoka kufikiri.

Miezi ikapita. Kitambaa cha njano nilikuwa nakiweka kwenye droo ya mashini. Siku moja Papa Ngoy akasema twende Kasungami, tuombe radhi, kwa sababu kusubiri kunafanya kosa liote ndevu. Tukapanda Shangazi, tukashuka mwisho wa njia, tukatembea kati ya mashamba ya mahindi mpaka kwa Mama Monga.

Wanawake walikuwa wamekaa uani wanachambua maharage. Mmoja, shangazi wa marehemu, mnene, mwenye sauti ya kwaya, aliposikia tunatoka depo alinigeukia.

"Eh! Njo ule wa sabuni? Ba mama, fichani bikwembe yenu, atazifula!"

Walicheka, na mimi nilistahili. Mama Monga hakucheka. Alikuwa kwenye mkeka, bado amevaa nyeusi, amekonda. Nilipiga magoti nikasema nilichokuwa nimejifunza njia nzima, na nikakosea katikati.

"Simama, mutoto," alisema. "Hukufanya kwa ubaya. Lakini siwezi kukudanganya. Jamaa ya bwana yangu banasema nimalize kilio, banasema nafanya kiburi. Nitamaliza na nini? Kila asubui naamuka, najiuliza, nitamaliza na nini?"

Papa Ngoy akamwomba atueleze habari za binti, kama inavyofanyika. Akatueleza. Clarisse alikuwa anajifunza kusuka nywele mjini, na dawa zote na mafuta yote alikuwa anajaribia kichwani mwake mwenyewe. Alikuwa anapanda basi la kwanza.

"Na kulala! Ule mutoto! Anaingia mu bisi, analala mpaka ku mwisho. Kiti ile ile, ya tatu, ku dirisha, receveur alikuwa anamuchungia. Anakunja kitambaa, anaweka ku shavu. Ile siku, baliniambia, alilala kidogo, kisha akaona mama mwenye mutoto ku mugongo anasimama. Akamuachia kiti. Akaenda kusimama nyuma. Kitambaa akaisahau." Alipangusa pua kwa kiganja. "Ule mama eko muzima. Na mutoto wake. Balikuya hapa kunisalimia."

Nilimtazama Papa Ngoy, naye alikuwa ananitazama. Muuguzi wangu. Bibi arusi wangu. Miaka miwili nilikuwa namjua.

Tukiwa tunarudi, kiti cha tatu kilikuwa wazi, nikakaa. Niliegemeza kichwa pale alipokuwa anaegemeza. Skai mpya ilikuwa baridi, inanuka duka. Nikaanza kupapasa kwa vidole, tabia yetu ya kazi hiyo, hata kanisani napapasa viti, na chini ya skai nikagusa mstari mgumu, umevimba kama mshipa wa mkono. Ulikuwa ukingo wa kifuniko cha zamani. Nikaufuata. Umezunguka mgongo wote wa kiti, mzima, haujaguswa.

"Papa," nikasema. "Hatukuvua."

Alikuwa anasinzia. "Nini?"

"Hatukuvua. Iko chini. Doa yake iko chini."

Aliweka mkono wake juu ya skai, akapapasa, akauacha pale mpaka tulipofika.

Nilipoomba tukifungue kiti kile, chef alikataa. Msimfikirie vibaya, alikuwa mtu mwema. "Nadège, ile mambo tuliifunga. Unataka kufungula tena? Bantu banaanza tu kupanda bila woga. Leo kiti moja, kesho bantu ba familia zote banakuya kupasua bisi. Apana."

Nilitoka ofisini nikiwa nalia. Papa Ngoy alikuwa ananoa wembe.

"Alisema nini?"

"Apana kufungula."

"Alisema apana kurekebisha?"

"Hiyo hakusema."

"Mushono ya ile kiti iko mubaya sana," alisema. "Miye njo nilishona, nayua. Inaniletea haya. Dimanche, kisha misa."

Jumapili Shangazi anapumzika. Tulikuja na nguo za kanisani. Papa Ngoy aliniambia ninawe mikono kwa maji matupu, nisitumie sabuni, na nisivae koti lenye harufu ya gundi. Alikata uzi mmoja mmoja. Skai mpya ilipoanguka, velur ya zamani ilikuwa pale, ya kahawia, imekwaruzwa na kioo mahali pawili. Na doa. Kisahani chetu cha chai. Harufu ilipanda, moshi kwanza, halafu, chini yake, mafuta ya nywele, matamu, ya nazi kidogo. Niliinama.

"Usinuse sana, ma fille," Papa Ngoy alisema, uso ameugeuzia dirisha. "Haiko yetu."

Tulikitoa kipande kizima, tukakifunga kwenye karatasi ya kukatia mitindo ambayo haijatumika. Kisha kiti kile tulikivua chote, mpaka chuma, tukakivalisha upya kama sheria inavyotaka. Na alipofika kwenye mbao za pembeni, Papa Ngoy alichukua lile kopo, akatia misumari mdomoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Tk, pa. Nilienda kusimama nje ya basi kidogo, kusudi asinione.

Kazi mbovu haizai kitu chema, kwa kawaida. Ile moja ilizaa. Msiichukue kama ruhusa.

Mama Monga alipokea karatasi kwa mikono miwili, akaingia ndani, akafunga mlango. Tulikaa nje. Kuku walipita. Yule shangazi mnene alituletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye vikombe, akanipa changu bila neno lolote la sabuni. Tulisubiri mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye miguu yetu. Mlango ukafunguka.

"Iko na moshi," alisema. Akakaa kizingitini. "Lakini chini ya moshi, iko yeye."

Kisha akaniangalia mikono. "Hukufula?"

"Apana, mama."

"Hata na mayi kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu kitu. "Kuya siku ya posho," akasema. Ndiyo Jumamosi kwetu. "Lete kitambaa."

Jumamosi hiyo ua ulijaa jamaa. Mimi nilisimama mbali, karibu na mahindi, mikono nyuma ya mgongo ili ionekane haina kitu. Beseni liliwekwa katikati. Mama Monga alipiga magoti, akatafuta kwa macho.

"Weye wa sabuni. Kuya huku. Miye nitafula, weye mwanga mayi."

Nikamwaga. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili yakawa ya kahawia. Alisugua taratibu sana, kwa vidole, kama unavyomwogesha mtoto ambaye kitovu hakijapona. Hakuna aliyeimba. Mafuta yalielea juu ya maji, madoa madogo yenye rangi rangi, na yeye akayaangalia mpaka yakasambaa. Maji yalipokuwa meupe akakamua, akaanika, akavua kitambaa cheusi kichwani. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe. Ndipo sauti zilipopanda, wote pamoja.

Baadaye, tunakula bukari, ugali wetu, aliniuliza akiwa hanitazami: "Na weye? Nguo yako ya ile siku iko wapi?"

"Iko nyuma ya mulango, mama. Sikufula."

"Ulifula ya bantu bote, ukaacha yako."

"Njo vile, mama."

Alicheka kidogo, kicheko cha kwanza nilichosikia kwake. "Siku utakuwa tayari, fula. Paka weye. Usipe muntu." Kile kipande cha velur, kilipokauka, alikifunga ndani ya kitambaa cha njano. Usiku ule, waliniambia, alilala kitandani.

Mimi sikuwa tayari. Mmekuwa mnaniuliza lile koti la nyuma ya mlango ni la nani, na mimi nawajibu ni la mgeni. Miaka imepita. Shangazi ameuzwa kwa kilo. Chef amekwenda kuishi kwa mwanawe. Papa Ngoy alituacha msimu wa mvua uliopita, binti yake alikuja depo na nyundo imefungwa kwenye gazeti, akasema, "Alisema ni ya mwenye viatu nyeupe." Ninyi mmeniona nikiitumia. Misumari mdomoni sijawahi kuweza, nimejitahidi, namwaga mate tu.

Nyundo nawaachia, iko juu ya rafu. Vueni kwanza. Someni viti kabla ya kuvichana. Na mkikuta kitu cha mtu, hata kichafu namna gani, muulizeni mwenyewe kabla ya kuwa wema. Mimi nakwenda Mokambo, kwa yaya wangu, dada yangu mkubwa, ambaye ana chumba kimoja cha mbele kinachotazama barabara. Nitashona magauni ya maharusi. Kitambaa cheupe hakihitaji gundi.

Jana ilikuwa siku yangu ya mwisho. Saa ya kula mlikwenda wote kwa mama muuza maharage, mkaniita, nikasema nakuja. Nilifunga mlango wa atelye kwa ndani na kulitoa koti kwenye msumari. Lilikuwa limekakamaa, limeshika umbo la mlango. Nililipeleka kwenye bomba la nyuma, nikaweka beseni, na nilipopapasa mfuko nikakuta kipande cha sabuni cha siku zile mbili, kigumu kama jiwe. Nililowesha, nikasugua. Kilichukua muda mrefu kutoa povu. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Niliendelea mpaka yakawa meupe, nikakamua, nikalianika peke yake kwenye waya.